Mwito wa Irene

Abdulswamad aliinua mkono, na bendi ikanyamaza vipande vipande: gitaa la solo kwanza, halafu besi, halafu ngoma, na mwisho kabisa tarumbeta la Deogratias, ambalo siku zote lilikuwa la mwisho kusikia amri.

"Dakika tisa," alisema Abdulswamad akitazama saa yake. "Wimbo mmoja. Jamani, tunatengeneza kanda au tunakesha msibani?"

Wanamuziki wa Lupanga Orchestra walicheka kidogo, kicheko cha watu wanaomhitaji mtu. Abdulswamad alikuwa na duka la kanda Kariakoo, Dar es Salaam, na ndiye aliyekubali kuwalipia studio. Lakini kabla ya studio, alisema, nyimbo lazima zinolewe, maana studio ni ya saa na haina subira ya kumngoja mtu akumbuke anaingilia wapi. Kwa hiyo alikuja Morogoro na redio kaseti kubwa, akaiweka kitini mbele ya jukwaa kama mgeni rasmi, akawa anawarekodi wakifanya mazoezi na kuwasikilizisha. Hapo ndipo kila mmoja alipogundua jinsi mwenzake anavyopiga vibaya.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa kiwanda. Kiwanda kilipokuwa cha serikali, bendi nayo ilikuwa ya kiwanda, na mpiga gitaa alipanga foleni ya mshahara pamoja na fundi wa mashine. Mwaka uliotangulia kiwanda kiliuzwa. Mnunuzi alitaka mashine na uwanja. Wapiga gitaa hakuwataka. Bendi iliachiwa vyombo vyake na ruhusa ya kutumia ukumbi mchana, na kupiga dansi Jumamosi usiku, huku nusu ya nyuma ikipangishwa kwa mfanyabiashara wa mitumba. Basi wakati bendi inapiga, wanawake wa mtaa wa Mwembesongo walikuwa wamekaa katikati ya marobota wakichambua mashati na sidiria za Ulaya, na kusikiliza muziki bila kiingilio.

"Kila wimbo dakika tano," Abdulswamad aliendelea. "Maneno machache, chemko, pale pa kucheza, lije mapema. Na tarumbeta tunaliondoa. Siku hizi linapigwa kwenye kinanda, hakuna anayejua tofauti."

Kijana wa kinanda, aliyeitwa Maneno, aliinamisha macho. Alimheshimu Mzee Deo, lakini alikiheshimu kinanda zaidi.

Deogratias alifuta mdomo wa tarumbeta kwa leso, kisha akaufuta tena. Alikuwa amelipuliza tangu ujana wake. Zamani redio iliwarekodi mara kadhaa, wimbo mzima kwa mkupuo mmoja, lakini nyimbo zile zilibaki makabatini kwa wenye redio. Hakuwahi kushika mkononi kitu akasema, mimi nimo humu. Kanda ndiyo ingekuwa kitu hicho. Mpiga saksafoni alikuwa amekwisha kata tamaa na kwenda kulima nyanya. Deogratias alibaki peke yake upande ule wa jukwaa, akiona aibu kama mtu aliyevaa suti kwenye shughuli ya watu wa kaptula.

"Usiamue bado," alisema Yunusi, kiongozi wa bendi na mpiga solo. "Sikiliza 'Irene' kwanza."

Walipiga "Irene". Yunusi aliimba yeye mwenyewe:

*Nilikupa kalamu, Irene,*
*umeniletea aibu.*
*Nilikupa vitabu, Irene,*
*umeniletea nepi.*

Kisha vyombo vyote vikakatika ghafla, na tarumbeta likapuliza sauti tatu peke yake, mbili za kupanda na moja ya kushuka. Huko nyuma wanawake, bila hata kuinua vichwa kutoka kwenye mashati, wakaitikia kwa pamoja: Irene. Ndivyo wimbo ule ulivyopigwa Jumamosi zote. Tarumbeta linaita, ukumbi mzima unataja jina.

Abdulswamad alisahau kutazama saa. "Huu ndio wa kwanza, upande A," alisema. "Mzee, tarumbeta lako libaki. Kwa wimbo huu tu. Hizo sauti tatu ndizo zitakazouza kanda. Unakwenda Dar."

Deogratias alisema ahsante mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mkewe, Angelina, alikuwa barazani kwenye cherehani, akikunja suruali ya mtumba iliyokuwa ndefu kwa mwenyewe. Siku hizi hakuna aliyemletea kitambaa ashone. Walimletea nguo za wazungu azipunguze. Irene, binti yao wa pekee, alikuwa mkekani akichagua mchele.

"Mama Irene," Deogratias alisema kabla hajakaa, "nakwenda Dar. Naingia kwenye kanda."

"Si tarumbeta hawalitaki siku hizi?"

"Limebaki. Kwa ajili ya 'Irene'. Ndio wa kwanza."

Mguu wa Angelina ulisimama juu ya pedeli. Irene aliendelea kuchagua mchele, lakini mchele uleule.

Ilikuwa hivi. Miaka mitano nyuma Irene alirudishwa kutoka sekondari akiwa na mimba. Deogratias alikuwa na hasira isiyo na pa kwenda, akaipeleka mazoezini, ikatoka wimbo. Watu waliupenda. Walipenda hasa ile nepi. Mtoto akazaliwa, akaugua kifua, akafa hata hajasimama dede. Wimbo haukufa. Kila Jumamosi watu waliucheza, wengi wao wakijua yote, maana mji si mkubwa. Na kila Jumamosi Irene alifunga madirisha mapema. Nyumba ilikuwa imeuzoea wimbo ule kama linavyozoeleka paa linalovuja: unajua pa kuweka ndoo.

"Baba," Irene alisema, "posa ya Lukasi inajibiwa baada ya mavuno."

"Najua, mwanangu. Lukasi ni kijana mzuri."

"Lukasi mwenyewe nilimweleza kila kitu. Mama yake hajui kitu. Hajawahi kukanyaga ukumbini kwenu." Akatoa jiwe kwenye mchele. "Lakini kanda itafika kwao Mlali, baba. Pale kituoni kuna duka, wanapiga kanda kutwa nzima."

"Kina Irene wako wengi."

"Irene wa Deo mpiga tarumbeta ni mmoja. Naomba jina langu litoke. Sijawahi kukuomba. Hata mtoto alipokufa sikukuomba."

Deogratias alitazama mikono yake. Alitaka kukasirika, ikashindikana. "Nitalitoa," alisema. "Jina ni neno tu, linabadilishwa."

"Kweli, baba?"

"Nimesema nitalitoa."

Kubadilisha neno ilikuwa kazi rahisi. Yunusi alikubali bila ubishi, na siku ya pili yake aliimba: *nilikupa kalamu, mwanangu, umeniletea aibu*. Ilikaa vizuri tu. Deogratias alipumua. Kisha vyombo vikakatika, akapuliza zile sauti tatu, na kule kwenye marobota wakaitikia: Irene.

Walicheka wenyewe. Yunusi aliwaeleza kwamba jina limebadilika, waseme "mwanangu". Wakasema sawa. Tarumbeta likapuliza tena. Wawili wakasema "mwanangu", waliobaki wakasema "Irene", na mmoja wao, mama mnene mchangamfu aitwaye Hafidha, akaangua kicheko mpaka akaegemea robota.

"Tutafanyaje, Mzee Deo?" alisema. "Mbona tarumbeta lenyewe ndilo linalosema Irene?"

Abdulswamad alifurahi kupita kiasi. Alirudisha kanda nyuma, akasikiliza mara mbili tatu. "Hii siigusi," alisema. "Mwimbaji anaficha jina, wananchi wanalitaja. Hii ni hela. Wewe mama, jina lako nani? Hafidha? Utakuja Dar na wenzako wawili, mwitikie hivyohivyo."

Deogratias alifungua mdomo. Alimwona Maneno ameweka vidole juu ya kinanda, akisubiri. Aliona jalada la kanda, picha yao wote wakiwa na mashati ya rangi moja. Akaufunga mdomo.

Jioni Irene alimuuliza, "Jina limetoka?"

"Limetoka," alisema. "Yunusi anaimba 'mwanangu'." Na haukuwa uongo, ukiutazama kwa upande mmoja.

Uongo wa namna hiyo haukai Mwembesongo. Hafidha alileta suruali ya mumewe ipunguzwe kiuno, akakaa barazani kwa Angelina, na furaha ilimjaa mno asiweze kunyamaza.

"Mwenzangu, nakwenda Dar kurekodi. Mimi, mchambua mitumba. Kazi yangu ni kusema Irene tu. Mzee Deo anapuliza, mimi nasema Irene."

Alisema hivyo mbele ya Irene mwenyewe, bila ubaya wowote. Kwake yeye wimbo ulikuwa wimbo. Irene alimpimia kiuno cha suruali, akatia alama ya chaki, akaingia ndani.

Angelina hakumsema mumewe. Alituma ujumbe Mlali, kwa kaka yake Fransisko.

Fransisko alifika na gunia la kabichi begani, akavua kofia mlangoni. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, shemeji," alisema Deogratias.

"Shikamoo, mjomba," Irene alipiga goti akapokea gunia.

"Marahaba, mama. Hujambo?" Akamwangalia kwa muda, kisha akakaa, tena si kwenye kochi alilooneshwa. Alichagua kigoda. Angelina akaleta chai. Fransisko aliiacha ipoe, na wote wanne waliitazama ikipoa.

"Shemeji," alianza, "sisi Waluguru unatujua, wewe ni mmoja wetu. Mtoto ni wa upande wa mama. Irene ni wa lukolo wetu, wa ukoo wa huyu dada yangu na wangu mimi. Wewe ni baba, umemlea, umemlisha, hilo hakuna anayelipinga. Ulipomtungia wimbo ule hukuja kuniuliza."

"Nilikuwa na hasira, shemeji."

"Nilijua. Nikasema, ni baba, ameumia, aimbe, hasira itaisha. Imeisha?"

"Imeisha zamani."

"Basi sasa unaimba kwa ajili ya nini?"

Deogratias alilitazama gunia la kabichi. "Ni kazi, shemeji. Ukumbini tayari wanaujua. Kanda ni uleule tu."

"Ukumbini wanaocheza ni majirani zako. Wanaimba, kesho yake wanamkuta Irene kisimani, wanasalimiana naye, wanajua ni mtu. Huko kanda inakokwenda hakuna atakayemkuta kisimani." Alinyanyua kikombe, akakirudisha bila kunywa. "Jina la mtoto wa kwetu linauzwa, na mimi mjomba wake nimesikia kwa mtu wa kutumwa. Wazazi wa Lukasi watakuja kwangu kwa jibu. Nitawaambia nini? Wasikilize upande A?"

"Siuzi jina la mwanangu."

"Kanda zinagawiwa bure?"

Irene alikuwa amesimama kwenye kizingiti. "Mjomba, si jina," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jina lingeweza kubaki. Ni ule mwito."

Wakamgeukia.

"Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa anafanya mazoezi hapa uani jioni. Akitaka nirudi nyumbani alipuliza vile, mara tatu. Nikiwa popote, kwa kina nani sijui, naitikia abee, nakimbia. Watoto wengine walinionea wivu. Hakuna aliyekuwa anaitwa kwa tarumbeta." Alimgeukia baba yake. "Ulichukua ule, baba. Ukautia kwenye matusi. Hiyo nepi ningeizoea."

Deogratias alikuwa amesahau. Huo ndio ukweli, na ulimtia hofu kuliko maneno yote ya shemeji yake. Aliamini siku zote kwamba sauti zile tatu zilimjia zenyewe, kama zinavyomjia mtunzi, na akajisifu kwa hilo.

Fransisko alikunywa chai yake ikiwa baridi, akavaa kofia, akaondoka.

Deogratias alimwendea Yunusi nyumbani kwake kumwomba wimbo uachwe. Yunusi alimsikiliza kwa adabu, akamkaribisha kahawa.

"Deo, ndugu yangu, kanuni unaijua. Wimbo ukishaingia bendi ni wa bendi. Ningekuwa mimi peke yangu, ningeutoa. Lakini kuna watu kumi wenye watoto wanaosubiri safari hii. Abdulswamad amekuja kwa ajili ya wimbo ule. Ukitoka ule, na yeye anaweza kutoka." Akaweka kikombe chini. "Na wewe je? Bila huo utakwenda Dar kufanya nini?"

Deogratias alikuwa anamalizia kahawa. Alirudi nyumbani amebeba swali lile, na asubuhi bado alikuwa nalo. Yalikuwa mazoezi ya mwisho kabla ya safari. Alivaa shati lake safi, akachukua tarumbeta, akatoka bila kumwangalia mtu. Alikuwa amekwisha amua: atapiga. Atapiga mara hii moja, aingie kwenye kanda, kisha atamwomba radhi mwanawe maisha yake yote. Watu wengi huamua hivyo.

Alitoka bila mafuta. Vitufe vya tarumbeta lile vilikuwa vizee, na bila tone la mafuta ya cherehani viligoma katikati ya wimbo. Kila siku ya mazoezi Angelina alimtilia kidogo kwenye kichupa cha dawa. Asubuhi ile hakumtilia, naye hakuthubutu kuomba.

Ukumbini Abdulswamad alitaka "Irene" mwanzo hadi mwisho, kama studio, bila kusimama. Redio kaseti iliwashwa. Yunusi akahesabu. Solo likaingia, besi ikafuata, Yunusi akaimba kalamu yake na vitabu vyake. Ilipokaribia pale vyombo vinapokatika, mlango wa pembeni, wa upande wa marobota, ukafunguliwa. Irene aliingia na kichupa mkononi.

Hakuja kugombana. Mama yake alikataa kuleta mafuta, na yeye aliona si vizuri baba yake aaibike mbele ya watu wa Dar. Alitaka akiache kichupa kwa Hafidha, ageuke. Lakini kwa miaka mitano hakuwahi kuingia humo, na hakujua kwamba ili kumfikia Hafidha lazima apite katikati ya wanawake wote.

Vyombo vikakatika. Tarumbeta, kwa vitufe vyake vinavyonata, likapuliza sauti zake tatu.

Hakuna aliyeitikia.

Wanawake walikuwa wanamwangalia Irene, na Irene aliwaangalia. Wengine walimjua tangu akitambaa. Mmoja alikuwa ameosha maiti ya kile kichanga. Wote walikuwa wamelitaja jina la Irene mamia ya mara katika wimbo ule, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulitaja hivyo akimwona usoni. Hafidha aliweka shati magotini, akaanza kulikunja, akalikunjua tena.

"Kateni, kateni," alisema Abdulswamad. "Kina mama, mmelala? Rudieni pale. Mzee, piga peke yako wakukumbuke."

Deogratias alikuwa amemwona mwanawe. Alisimama na tarumbeta kifuani. Yunusi akamtazama, bendi nzima ikamtazama. Akaliinua, akapuliza. Hakupuliza kama Jumamosi. Alipuliza taratibu, kama mtu aliye uani kwake jioni, asiyetaka kuwasumbua majirani.

"Abee, baba," Irene aliitikia.

Alisema kwa mazoea. Ilimtoka tu, kama inavyomtoka binti yeyote aliyelelewa. Kisha akaona aibu, akaziba mdomo kwa kiganja, na kichupa kikabaki kimening'inia kwenye mkono mwingine.

Deogratias aliketi kwenye ngazi ya jukwaa. "Mimi nimemaliza," alisema.

Abdulswamad hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Alimwashiria Maneno, na Maneno akapiga zile sauti kwenye kinanda, safi kabisa, safi kuliko tarumbeta. Ukumbi ukakaa kimya. Akapiga tena. Hafidha akatikisa kichwa polepole, mara moja, kumkataza. Bila kuitikiwa zilikuwa sauti tatu tu, zingeweza kuwa kengele ya mlango wa mtu.

Abdulswamad alizima redio kaseti. Aliwaza kibiashara, na kibiashara alikuwa mkweli. "Wimbo huu umekufa," alisema. "Haya, Yunusi, mna kingine gani?"

Wakatafuta kingine. Walikuwa nacho, cha kawaida tu, kisicho na tarumbeta. Safari ilibaki palepale, ila Hafidha na wenzake walirudishwa kwenye marobota, na Hafidha hakumsemesha Angelina kwa muda mrefu. Deogratias alilipangusa tarumbeta, akalilaza ndani ya sanduku lake na kumkabidhi Yunusi, kwa kuwa lilikuwa mali ya bendi. Yunusi alilipokea kwa mikono miwili.

Wakarudi nyumbani kwa miguu, baba mbele, binti nyuma kidogo na kichupa chake. Deogratias alikuwa analia, na hakujificha, kwa kuwa barabara ilikuwa na vumbi na kila mtu alikuwa na jambo lake. Hakujua kama mama yake Lukasi atakubali au atakataa. Hakujua kesho atafanya kazi gani. Aliupisha mkokoteni wa kabichi, akaendelea.

Jioni chakula kilipokuwa tayari, Irene alikuwa kwa jirani amekwenda kuazima ungo. Deogratias alitoka uani. Mkono wake ulikwenda wenyewe pembeni ya mlango, palipokuwa pakikaa sanduku, ukakuta ukuta. Basi akaita kwa mdomo mtupu, sauti ya mtu asiyejua kuimba.

"Irene."

"Abee, baba."

Alisimama akasikiliza. Mtaa ulikuwa umejaa watu, na hakuna mwingine aliyeitikia.